Vidole Vinne Juu ya Karatasi

Jumamosi, 27 Mei 2023

Mkutano leo saa nne, chini ya tenti, pale Promenadi. Mwandiko wangu umesifiwa mbele ya watu wote. Naandika hilo kwanza, hata kama ni utoto kwa mwanamke wa miaka hamsini na miwili.

Promenadi ni jina tulilolipa wenyewe. Hakuna aliyeijenga. Ni kipande cha barabara ya zamani ya ziwani na mchanga ulio mbele yake. Maji yalipopanda ule mwaka wa mafuriko yalifika mpaka milangoni mwa watu. Yaliporudi, yakatuachia mchanga mpana kuliko ule wa kwanza. Asubuhi ni wa wanawake wa ndagala, wanatandaza samaki wao kwenye neti wakauke. Jumapili ni wa wote. Maharusi na mpiga picha, wabatizwa wakitoka majini na kanzu zimewaganda mwilini, vijana na simu, wazee na fimbo. Unatembea mpaka mwisho, unageuka, unarudi. Bure kabisa.

Aliyeita mkutano ni Eugène, rais wa Komite ya Ufuo. Komite aliiunda mwenyewe mwaka jana na urais akajipa mwenyewe. (Nilikuwepo. Nilipiga makofi.) Amemleta Patron Frédéric, tajiri kutoka sijui wapi — viatu vyeupe mchangani! Anataka "kupendezesha ufuo wetu". Taa, maua, viti vya kukaa, kazi kwa vijana. Hakuna aliyeuliza swali la maana. Macho yote yalikuwa nyuma ya tenti, kwenye makasha ya soda, sukre kwetu, na mandazi, yaani beignet, yaliyofunikwa kitambaa.

Na liste, karatasi ya mahudhurio, bila shaka. Kwetu mtu akifika mkutanoni anauliza kwanza liste iko wapi, halafu ndipo anauliza mkutano ni wa nini. Usipoandikwa, hukuja. Usipoandikwa, hunywi.

Eugène akapaza sauti: "Liste ashike Mama Mwalimu, juu ya mwandiko yake. Njo inasomekaka!" Watu wakaitikia. Nikajisikia mrefu.

Nikapiga mistari kwa rula. Namba, jina, kazi, sahihi. Eugène akainama akaninong'oneza: acha vidole vinne vya nafasi pale juu, kichwa tutakiandika kwa mashini baadaye, ipendeze. Nikaacha vidole vinne. Nilivipima kwa vidole vyangu mwenyewe.

Watu hamsini na wanane. Wa mwisho ni mimi, kama inavyompasa katibu. Sukre ilikuwa ya moto, haina hata gesi.

Jumatano, 31 Mei

Mtihani wa hesabu darasani. Wengi wamesahau namna ya kugawa. Baada ya masomo nikapita ziwani kununua ndagala kwa Léocadie wa mtaa wa Kilibula. Anasema tangu asubuhi kuna vijana wawili wanapima mchanga kwa kamba. Wamemwomba asogeze neti yake. Akasogeza. Wakamwomba tena.

"Minye nilibauliza: munapima kaburi ya nani? Banacheka tu."

Nikamwambia labda ni mambo ya zile taa.

Jumanne, 6 Juni

Si taa.

Wamesimamisha miti iliyopakwa rangi nyekundu, toka kwenye barabara mpaka ndani ya maji, pande zote mbili. Katikati kuna bango kubwa. Hoteli ya ghorofa mbili, baa, na bwawa la kuogelea. Bwawa la kuogelea — mbele ya ziwa! Nilisimama nikacheka peke yangu kama kichaa. Halafu nikaona kwenye ile picha ukuta, na mlango kwenye ukuta, na mlinzi kwenye mlango. Nikaacha kucheka.

Sofia alikuwa pale pale, mikono kiunoni. Sofia ana duka la vitenge barabara kubwa. Wazee wake walifika hapa kwa biashara ya ziwa zamani sana, na yeye anaongea na kila mtu kama mwenye mji. Siku ya mkutano alikuwa kwenye harusi ya ndugu yake. Akaniuliza nani ameruhusu hii. Nikasema sijui. Ni kweli sikujua.

Léocadie haulizi nani ameruhusu. Anauliza atatandaza wapi. Ndagala wakifika asubuhi wasipopata jua mpaka saa sita wanaanza kuoza. Uwanja wa kwake nyumbani unatosha beseni moja. Ananunua sita. Watoto wanne wanasoma kwa hao ndagala, mmoja ni mwanafunzi wangu.

Jumapili, 11 Juni

Siku mbaya. Nitaiandika kama ilivyokuwa.

Baada ya ibada watu walienda Promenadi kama kawaida, lakini Sofia alikuwa ameshapita nyumba kwa nyumba, kwa hiyo walikuja wengi kuliko kawaida. Nguo za Jumapili, watoto mabegani. Tukatembea katikati ya ile miti myekundu kama haipo. Hakuna aliyevunja kitu. Tulifika mwisho, tukageuka, tukarudi. Sofia na kipaza sauti chake kibovu: "Hapa ni pa bote! Hapana ukuta!" Watu wakaitikia. Mimi pia niliitikia, tena kwa nguvu.

Ndipo Eugène akatokea. Mpole, ametabasamu. Ana karatasi ndani ya plastiki.

"Munalalamika nini? Bakaaji balikubali. Iko hapa. Sahihi makumi tano na munane."

Kelele. Nani? Lini? Kizito, mzee wa kanisa letu, akasogea akaangalia akasema hii ni Kifaransa. Léocadie akanishika mkono. "Mama Ushindi, weye unajua. Utusomee."

Nikaichukua. Nilitambua mistari yangu kabla ya kitu kingine. Rula yangu, wino wangu, namba zangu zenye mkia. Na pale juu, kwa herufi za mashini, safi kabisa, mistari sita. Nilitaka kuirudisha. Lakini watu walikuwa wananingoja, na mimi nina mazoea ya kusoma watu wakiningoja. Nikasoma, nikatafsiri, sentensi kwa sentensi. Sisi wakaaji na watumiaji wa ufuo. Baada ya kuelezwa yote. Tunakubali kwa hiari yetu. Tunamwachia mwekezaji eneo lote. Hatutadai kitu chochote, leo wala kesho.

Eugène akanyoosha mkono nimrudishie.

Halafu sauti ya mwanamke nyuma, sikumwona: "Na ile mwandiko ya chini ni ya nani?"

Kila mtu anajua ni ya nani. Nimewaandikia kadi za ndoa, barua za kuomba kazi, matangazo ya misiba. Hakuna nyumba kule isiyo na mwandiko wangu ndani ya sanduku.

Jumatatu, 12 Juni

Sokoni yule mama wa nyanya amenihudumia bila kuniangalia. Mtu mmoja amesema kwa sauti ya kunisikilizisha kwamba kuna walimu wanaouza ziwa kwa chupa moja. Nimelipa nikaondoka.

Nimemweleza Ildephonse kila kitu — karibu kila kitu. Mume wangu anatengeneza mota za mitumbwi, anapenda kujua kitu kimevunjikia wapi. Nikasema: waliongeza maneno baadaye, ni wezi. Akaendelea kusafisha plagi yake. Kisha akauliza, taratibu tu:

"Na nafasi ya kuandikia, baliipata wapi?"

Nikasema chai inapoa.

Alhamisi, 15 Juni

Sofia anataka barua ya kupinga, na sahihi mia mbili. Amepita siku mbili na daftari jipya. Amepata tatu: yake, ya dada yake, na ya mlevi mmoja aliyedhani kuna kitu kinagawiwa.

Hakuna anayetaka kusaini tena. Hata kidogo! Léocadie alimfungia mlango: "Sofia, minye nakupenda, lakini mukono yangu haitagusa tena karatasi, hata ya kuingia mbinguni."

Sofia alikuja kwangu amechoka, akaketi kwenye ngazi, akavua viatu. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu. Alisema tu: "Hii mutego iko ya akili sana, mwenzangu. Balitunasa, na kamba ya kujitoa balitupokonya."

Nikampa maji. Nikataka kumwambia. Nikamwambia pole.

Jumamosi, 17 Juni

Leo nimecheka, kwa mara ya kwanza wiki hii.

Sijui nani alitoa wazo. Wanawake wa ndagala walifika na jua, wote, hata wale walioacha kazi hiyo tangu maji yapande, hata kikongwe mmoja ambaye neti yake ina matundu ya kupitisha mbuzi. Wakatandaza ndani ya miti myekundu, kutoka mti wa kwanza mpaka wa mwisho. Hapakubaki pa kuweka mguu. Walioijaza njia ni wale wa Jumapili: wamevaa nguo za Jumapili, siku ya Jumamosi! Suti, vitenge vya juu, viatu vya kung'aa. Wanatembea pembeni ya samaki, wanasalimiana, wanageuka, wanarudi. Siku nzima. Hakuna kipaza sauti, hakuna karatasi.

Saa tano Patron alileta wageni wake wawili wenye ramani. Jua lilikuwa limeshapasha vizuri. Mmoja wao alitoa leso akaiweka puani, wa pili akarudi ndani ya gari na kufunga kioo. Patron akakanyaga neti. Léocadie alikitazama kile kiatu mpaka akakiondoa.

Nilitembea nao. Peke yangu, lakini nilitembea. Wengine walinipisha, wengine walinisalimia nusu. Kizito aliinua kofia.

Mawe ya msingi yameshaletwa, lori mbili. Yako kando ya barabara.

Jumatano, 21 Juni

Tangazo: komisyo, yaani tume ya serikali, itashuka ufuoni tarehe 28. Kwa sababu ya ile fujo ya samaki. Mkuu wao ametuma ujumbe kwamba malalamiko bila maandishi hayapokelewi, lakini maandishi yaliyopo yanaweza kuhakikishwa. Kwa hiyo ataisoma liste, jina kwa jina, mbele ya watu. Kila mmoja atajibu kama alikubali au hakukubali. Ikionekana ni sawa, ukuta unaanza Jumatatu inayofuata.

Sofia anaruka kwa furaha. "Basi tumeshinda! Kila muntu atasema hapana!"

Labda.

Jumamosi, 24 Juni

Placide amekuja nyumbani. Mkurugenzi wa shule yangu, mtu mwema, tulianza kazi mwaka uleule. Alizunguka sana: habari za mwanangu Ushindi huko chuoni, habari za mgongo wangu. Mwisho akafika. Patron Frédéric ameahidi mabati kwa darasa la tano. Darasa la tano ni langu. Tangu upepo wa Machi tunasomea chini ya shitingi ya plastiki, mvua ikinyesha natuma watoto nyumbani. Placide hakuniambia niseme uongo. Alisema: "Madame, liste ni ya mwezi uliopita. Unaweza kusahau. Nani atakulaumu kwa kusahau?"

Nilimpa mkono mlangoni. Hakuniangalia usoni.

Nikarudi ndani nikakaa. Sasa niandike hapa kile ambacho sijamwambia mtu. Hawakufuta kitu. Hawakubandika kitu. Nafasi niliwapa mimi. Niliona kwamba watu wanasaini chini ya kitu kisicho na kichwa, nikajiambia si kitu, ni liste tu, na Eugène ameshanivika kilemba cha ukoka mbele ya umati, ningeanzaje kumuuliza maswali. Miaka ishirini na sita nawapa sifuri watoto wanaoanza kazi bila kuandika kichwa. Sifuri! Wengine walilia. Niliwaambia karatasi isiyo na kichwa kila mtu anaweza kuifanya yake.

Nikisema hivyo mbele ya wote, nitakuwa mwalimu aliyesainisha jirani zake karatasi tupu. Na darasa litabaki bila mabati. Nikisema sikumbuki, mawe yako tayari barabarani.

Nina hasira na Eugène. Lakini ninayemkasirikia zaidi ni yule mwanamke na rula yake.

Jumatano, 28 Juni

Komisyo imefika saa tatu. Watu watatu, meza moja ya plastiki, mwavuli. Mkuu wao ni mtu mfupi wa miwani, ana sauti kavu, haelekei kuwa wa upande wowote. Watu wote wa ufuo walikuwepo. Patron, Eugène na Placide walisimama pamoja kwenye kivuli cha gari.

Namba ya kwanza: Kizito. Yeye ndiye alifika wa kwanza siku ile, kwa kuwa hachelewi popote.

"Mzee, hii ni sahihi yako?"

"Ni yangu."

"Ulikubali eneo litolewe?"

Nilidhani najua jibu. Sisi wote. Huyu mzee ametembea Promenadi kila siku na suti yake ya kahawia tangu wiki mbili. Akaangalia ziwa, akaangalia viatu vyake.

"Nilikubali."

Watu walishtuka mpaka kukawa na mngurumo. Sofia alitaja jina la Mungu. Mimi nilihitaji muda kidogo, halafu nikaelewa. Afanye nini? Kama hakukubali, basi alisainia nini? Mzee wa kanisa, anayetuhubiria kila mwezi juu ya walafi, aseme mbele ya umati kwamba aliweka jina lake kwa ajili ya sukre na andazi? Afadhali aonekane msaliti kuliko mwenye njaa. Aliona aibu. Aliuacha ufuo uende ili asionekane na njaa.

Na wa pili akafuata. Mfanyabiashara, mtu wa heshima. "Nilikubali." Wa tatu, mwalimu mwenzangu wa sekondari. "Nilikubali, ndiyo, kwa ujumla." Wa nne, wa tano. Eugène alikuwa anahesabu kwa vidole anatabasamu. Wengine walijibu kwa sauti ya chini sana mpaka mkuu akawarudisha waseme tena. Kumi na wanne, mfululizo! Watu waliotembea na sisi! Niliwaangalia nikasikia uchungu, na sikuwa na haki ya kuusikia.

Namba kumi na tano: Léocadie.

Alikuja na mikono yenye magamba, hajanawa. Mkuu akauliza. Yeye akashangaa.

"Kukubali nini? Minye nilikuya kunywa."

"Kunywa?"

"Sukre. Balisema usiposaini haupate. Nikasaini, nikapata. Ilikuwa ya moto kama maziwa ya mutoto! Na beignet moja, moja tu, juu ule wa kugawa alikuwa anaficha za bibi yake."

Kicheko kikapasuka toka mbele mpaka nyuma. Hata mkuu aliinamisha kichwa. Léocadie hakucheka. Alingoja wanyamaze.

"Munanicheka. Nilikuwa na kiu, nilianikaka ndagala tangu asubuhi. Iko kosa? Hii mahali njo inalisha batoto yangu. Nikuuzie kwa sukre? Minye muntu muzima?"

Akarudi kwa ndagala wake.

Namba kumi na sita: "Sukre." Kumi na saba: "Sukre, na sikuona beignet." Kumi na nane: "Sukre." Wakaanza kuja mbio, wanasema kwa sauti, wengine wanajivunia! Yule mwalimu wa sekondari aliomba kubadilisha jibu lake. Mkuu akakataa. Kizito alikuwa ameketi peke yake juu ya mtumbwi uliopinduliwa, kofia mapajani.

Kwenye namba thelathini na kitu mkuu aligonga meza.

"Sukre si jibu! Mtu anaweza kunywa na bado akakubali. Nauliza kitu kimoja." Akainua ile karatasi. "Mlipokuwa mnasaini, haya maneno ya juu yalikuwepo au hayakuwepo?"

Wakatazamana. Mmoja akasema hakuyaona. Mwingine akasema hakuangalia. Mwingine labda yalikuwepo, yeye hajui Kifaransa. Eugène akasema kwa utulivu yalikuwepo, alisoma mwenyewe kwa sauti, watu walikuwa wanaongea hawakusikiliza. Na huo ndio ubaya — walikuwa wanaongea kweli. Hakuna hata mmoja aliyeweza kuapa.

Mpaka sauti ya Kizito ikatoka kule kwenye mtumbwi, ya kuchoka: "Bwana mukubwa, muulize Mama Mwalimu. Njo alishika karatasi tangu mwanzo mupaka mwisho."

Mkuu akatafuta jina langu. Liko mwisho wa ukurasa. Akaangalia saa. Akasema kesho, saa tatu, tutaanzia na katibu.

Nimerudi na Ildephonse kwa miguu. Tukafika mlangoni. Nikamwambia pale pale, nimeshika ufunguo: ilikuwa tupu, na nilijua ilikuwa tupu. Akasema, "Nilijua tangu ile chai." Halafu: "Watakusema." Nikasema najua. Akachukua ufunguo mkononi mwangu akafungua mlango, kwa sababu mimi nilikuwa siwezi kulipata lile tundu la kufuli.

Alhamisi, 29 Juni

Naandika nikiwa ufuoni, juu ya goti. Nimekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya meza ya komisyo. Sijawahi kuandika shajara mbele ya watu.

Nimeitwa saa tatu na robo. Jina. Nikasema. Kazi. Mwalimu. Akauliza kama liste ni mwandiko wangu, nikasema ni wangu, wote, tangu namba moja. Akaigeuza kunielekea, akaweka kidole juu ya mistari ile sita.

"Madame, watu walipokuwa wanasaini, hapa palikuwa na nini?"

Nikafungua mdomo, na simu yake ikalia! Akaangalia ni nani, akasimama haraka, akasema nipewe dakika kumi, nifikiri vizuri, jibu langu litaandikwa na litasainiwa. Sasa yuko kule kwenye maji, amenipa mgongo, mkono mmoja mfukoni.

Hakuna anayeongea nami. Wako kama mia tatu. Placide yuko kwenye kivuli cha gari, anaangalia chini. Eugène amenipungia mkono kama mtu wa nyumbani, akafanya kwa kidole ile ishara ya kuandika hewani, na kutabasamu: mwandiko muzuri. Léocadie ametandaza tu. Komisyo au hakuna komisyo, ndagala wamefika na jua limetoka. Anawageuza kwa fimbo, mmoja mmoja, karibu nami kiasi kwamba nasikia harufu yao.

Nilijiandaa usiku na maelezo marefu. Kwamba niliaminishwa. Kwamba ni desturi, kila mtu hufanya hivyo. Kwamba nilikuwa katibu tu. Asubuhi hii maelezo yote yamenitoka, na naona hayakuwa na kazi. Aliuliza kitu kimoja.

Naandika hapa kwanza, nione kama mkono unakubali:

Hapakuwa na kitu. Palikuwa patupu. Nafasi niliiacha mimi, vidole vinne, nilipima.

Mkono umekubali. Umebaki mdomo.

Anaweka simu mfukoni. Anarudi